Taa ya injini inayozimwa ikarudi: tafuta ufa kabla ya kujenga ukuta



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, simu yangu ililia. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anaishi karibu na mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, huko Marekani.

"Mjomba, taa imerudi tena," akaniambia, hata salamu hatujazimaliza.

Nilijua ni taa gani. Ni ile ya manjano yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi. Tangu Ramadhani mwanangu huyu amekuwa akisumbuka nayo. Fundi wa kwanza aliifuta kwa kompyuta akatoza dola 60. Siku kumi na mbili hazikupita, ikarudi. Fundi wa pili alibadilisha mfuniko wa tangi, akaifuta, ikarudi. Wa tatu alimwambia kuwa tangi la mafuta na mkebe wake vyote vimekwisha, na kazi nzima itagharimu dola 1,380.

Pesa hizo alikuwa nazo. Lakini ndizo alizoziweka ili amtumie mamake kwa kodi ya nyumba na dawa za presha. Tena namba za gari zinamalizika muda mwisho wa mwezi, na katika wilaya za kaskazini mashariki mwa Ohio gari lenye taa hiyo haliwezi kupita ukaguzi wa moshi. Bila ukaguzi hakuna namba, na bila gari hana njia ya kufika kazini saa kumi za alfajiri, kwani anakokaa hapapiti matatu.

Nikamwambia: "Usilipe chochote mpaka unijibu maswali matatu."

Mimi si fundi. Diploma yangu ni ya uhasibu. Ila niliishi Atlanta, jimbo la Georgia, miaka sita, na taa hii hii ilinitoa pesa mara tatu kabla sijaielewa. Kule pia gari hukaguliwa kila mwaka, na taa ikiwaka umefeli hapo hapo. Kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani zina mtoto huko ng'ambo, nimeona niandike niliyojifunza, kisha niseme yanayotuhusu sisi tuliobaki hapa.

Taa hii inasema nini

Taa ya injini inaweza kuwashwa na mambo mengi. Leo nazungumzia sababu moja tu: kompyuta ya gari kuona kwamba mvuke wa petroli unavuja.

Petroli haikai kimya ndani ya tangi. Hata gari likiwa limezimwa, joto huigeuza mvuke. Zamani mvuke huo uliachwa utoke nje, ukachafua hewa. Magari ya leo huukamata. Kutoka kwenye tangi kuna paipu inayokwenda kwenye mkebe uliojaa vipande vya makaa maalum, na makaa hayo hunyonya mvuke na kuushikilia. Injini ikishawaka na kupata joto, valvu moja ndogo iliyo karibu na injini hufunguka, na mvuke ule huvutwa ukachomwa pamoja na mafuta mengine. Tuiite valvu ya kuvuta. Ya pili iko nyuma, karibu na mkebe, na kazi yake ni kuruhusu hewa safi iingie. Tuiite valvu ya hewa.

Sheria ya Marekani ililazimisha magari madogo yote ya kuanzia mwaka 1996 yawe na kompyuta inayojichunguza kwa utaratibu mmoja, na uchunguzi wa mvuke ni sehemu yake. Kompyuta hufunga valvu hizi ili mfumo wote uwe kama chupa iliyozibwa, kisha hupima shinikizo. Likishikilia, hakuna tatizo. Likipotea, pana tundu mahali. Magari ya mwanzo yalitakiwa kugundua tundu la milimita 1. Tangu mwaka 2000 na kuendelea, yalianza kutakiwa kugundua hata la nusu milimita. Hebu fikiria unene wa sindano ya kushonea: tundu kama hilo latosha kuiwasha taa, na hata pua yako haitanusa kitu.

Kwa nini ikifutwa hurudi

Kipimo hiki hakifanywi kila unapowasha gari. Katika magari mengi kompyuta husubiri hali fulani: gari liwe limelala usiku kucha na injini imepoa, na tangi lisiwe tupu wala lisijae pomoni. Kawaida hutaka mafuta yawe kati ya asilimia 15 na 85. Kisha ikiona kosa mara moja haiwashi taa. Husubiri ilione tena katika kipimo kinachofuata.

Ndiyo maana fundi akiifuta leo, unakaa siku kumi au wiki tatu ukidhani umepona. Hukupona. Kompyuta ilikuwa haijapata nafasi ya kupima tena. Kufuta taa ni sawa na kumpangusa mtoto machozi bila kumuuliza anachokililia.

Na kufuta kuna hasara yake. Kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati kosa lilipoonekana, kama mwendo na joto la injini, hupotea, na hiyo ndiyo ingemsaidia fundi mzuri. Vilevile vipimo vyote vya gari huanza upya. Mkaguzi akiona vipimo vingi havijakamilika, hulirudisha gari hata kama taa haiwaki. Kuna wajanja wanaojua kwamba kwa magari ya kuanzia 2001 ukaguzi mwingi huvumilia kipimo kimoja kisiwe tayari, wakapenya hapo. Watapata karatasi, lakini tundu liko pale pale.

Maswali matatu

Haya ndiyo niliyomuuliza mpwa wangu, na ndiyo ningetaka mtu aniulize mimi miaka ile.

*La kwanza: namba ni ipi?* Kompyuta huandika namba ya kosa. Maduka mengi makubwa ya spea huko Marekani huisoma bila malipo, na kifaa chake kidogo cha kuchomeka chini ya usukani si ghali. P0455 ni uvujaji mkubwa. P0442 ni mdogo. P0456 ni mdogo sana. P0457 huelekeza kwenye mfuniko uliolegea au usiokuwepo. P0441 na P0496 husema mvuke unavutwa isivyostahili, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni ile valvu ya kuvuta. P0443 ni umeme wa valvu hiyo, na P0446 ni upande wa valvu ya hewa. Lakini kumbukeni: namba hutaja mtaa, haitaji nyumba. Fundi anayesoma P0442 kisha akakuambia papo hapo ununue tangi anabahatisha kwa mfuko wako.

*La pili: siku ya kujaza mafuta hutokea nini?* Gari likigoma kuwaka mara tu baada ya kujaza, likahitaji kukanyagwa ndipo liwake, valvu ya kuvuta huenda imekwama wazi. Bomba la kituo cha mafuta likijizima kila mara na mafuta hayataki kuingia, njia ya hewa huenda imeziba. Ukisikia harufu ya petroli kila ukijaza, kisha ikapotea kiwango kikishuka, tazama juu: paipu ya kujazia, au juu ya tangi.

*La tatu: harufu hutokea wakati gani na upande gani?* Mbele ya gari, nyuma, au ndani kwenye viti? Pua ni kipimo cha bure.

Jibu la mpwa wangu lilikuwa hili: namba P0442, na harufu huja siku ya kujaza tu, upande wa nyuma kulia, palipo mdomo wa tangi. "Lakini mjomba, fundi hakuniuliza hayo," akasema. Najua. Hata mimi hawakuniuliza.

Tafuta kwa mpangilio, cha bei nafuu kwanza

1. *Mfuniko wa tangi.* Uangalie mpira wake. Ukiwa umepasuka, umekauka au umebonyea, tafuta mwingine wa gari la aina hiyo hiyo, si wa kufanana tu. Ufunge mpaka ulie. Pangusa pia ukingo wa mdomo unapokaa mpira, maana chembe ya mchanga yatosha kuuharibu muziki. Baada ya kurekebisha, huhitaji kufuta kitu: vipimo vitatu vikipita mfululizo, taa hujizima yenyewe, ila huchukua siku.

2. *Valvu ya kuvuta.* Katika magari mengi iko juu ya injini na hutoka kwa dakika chache. Ikiwa haijaunganishwa na umeme, haifai kupitisha hewa. Ikipitisha, imekufa.

3. *Paipu za mpira.* Fuata paipu kutoka injini mpaka nyuma. Tazama kwenye kona na kwenye vibanio, ndiko mpira hupasuka.

4. *Paipu ya kujazia mafuta.* Hii ni ya chuma katika magari mengi, nayo hula kutu, hasa pale inapofungwa kwenye bodi, mahali macho hayafiki.

5. *Valvu ya hewa na mkebe wa makaa.* Viko chini nyuma, vikipigwa na vumbi, tope na maji. Wadudu pia hupenda kujificha humo. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yapatayo 65,000 ya aina ya Mazda6 huko Amerika Kaskazini kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakitanda utando ndani ya paipu hii ya hewa. Si mzaha. Hewa ikizibwa, tangi hubanwa kwa ndani na linaweza kupata ufa.

6. *Juu ya tangi.* Pampu ya mafuta hukaa ndani ya tangi na kufungwa kwa mpira wa mviringo. Kama pampu ilibadilishwa karibuni kisha taa ikaanza, mpira huo ndio wa kushukiwa. Tangi lenyewe liwe la mwisho kabisa katika orodha.

Ukishapita namba 1 na 2 hujaona kitu, usiendelee kununua spea kwa kubahatisha. Lipia kipimo cha moshi. Fundi huwa na mashine inayopuliza moshi maalum ndani ya mfumo kwa shinikizo dogo sana, akamulika kwa tochi mpaka auone unapotokea. Mimi Atlanta nililipa dola 110. Kabla yake nilikuwa nimeshatumia dola 240 kwa mifuniko miwili, mkebe usiokuwa na kosa, na kufutiwa taa. Tatizo langu lilikuwa valvu ya kuvuta ya dola 45. Gari lilikuwa likigoma kila nikitoka kituo cha mafuta, nami nikiyalaumu mafuta yao.

Msifanye haya

Msipulize mfumo huu kwa kompresa ya magurudumu. Shinikizo lake ni kubwa mno, litapasua kilicho kizima, na kuchanganya hewa na mvuke wa petroli mahali penye cheche ni kucheza na roho.

Msitafute uvujaji kwa kiberiti wala sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika, na unaweza kukutana na moto mbali na gari.

Msiongeze mafuta baada ya bomba kujizima. Petroli ya maji ikiingia kwenye mkebe, makaa hulowa na kuharibika.

Taa ikiwaka bila harufu yoyote na gari linakwenda vizuri, waweza kuendesha siku chache mpaka upate fundi. Ukinusa petroli kwa nguvu, au ukiona tone chini ya gari, lizime na usiliwashe. Na taa ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, hilo ni jambo jingine kabisa: injini inakosa kuchoma sawasawa. Simama mapema.

Na sisi tulio hapa Mombasa?

Mtu ataniuliza, haya ya Cleveland yanatuhusu nini? Gari la Marekani lina usukani wa kushoto, na kwetu haliandikishwi kwa matumizi ya kawaida. Magari mengi tunayopokea Kilindini yaliundwa kwa soko la Japani.

Yanatuhusu hivi. Mkebe wa makaa, valvu na paipu gari lako pia linavyo. Ila sheria ile ya Marekani ya kujipima tundu dogo haikuwahusu waliounda gari kwa ajili ya Japani. Kwa hiyo usingoje taa. Gari lako laweza kuvuja mwaka mzima na dashibodi ikawa kimya. Kwetu sisi, pua ndiyo taa.

Na hali yetu ni ngumu zaidi. Gari linashinda juani, petroli inachemka tangini. Upepo wa bahari unakula chuma. Kisha tukifika kituo cha mafuta tunamwambia kijana, "Jaza mpaka juu," naye anaongeza kidogo kidogo ili shilingi zitimie mia. Kila anapofanya hivyo analowesha mkebe. Mwambie aache bomba likijizima.

Mtoto akisema kiti cha nyuma kinanuka petroli, msimwambie azoee. Teremsha vioo, kisha lipeleke gari siku hiyo hiyo. Petroli ina benzini, ambayo inajulikana kuleta saratani, na si hewa ya kumpa mtoto kila asubuhi akienda shule na madrasa.

La mwisho ni kwa wanunuzi na wauzaji. Ukinunua gari la mkononi, nenda na kifaa cha kusomea, usitosheke na taa kutowaka. Ukikuta vipimo vingi havijakamilika, ama betri ilichomolewa ama kumbukumbu imefutwa karibuni. Uliza. Na wewe unayeuza, ukijua taa ilikuwa ikirudi, sema. Kuficha aibu ya bidhaa tunajua sote hukumu yake, na mnunuzi huyo atalala na gari hilo kando ya chumba cha watoto wake.

Mpwa wangu alipofikia

Alikwenda kwa fundi mwingine, akasema anataka kipimo cha moshi peke yake, na akataka kuonyeshwa kwa macho yake. Alilipa dola 120. Moshi ulitoka kwenye paipu ya kujazia mafuta, nyuma ya kibanio, palipolika kutu. Huko wakati wa baridi hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hufanya kwa vyuma vya chini ya gari yale ambayo upepo wetu hufanya kwa mabati ya Mji wa Kale. Tangi lilikuwa zima. Mkebe ulikuwa mzima.

Paipu mpya pamoja na kazi, dola 265. Jumla dola 385 badala ya 1,380. Hakufuta kumbukumbu kisha kukimbilia ukaguzi. Aliendesha gari kazini na kurudi siku tisa, mafuta yakiwa nusu tangi, mpaka taa ikazima yenyewe. Jumatano akapita.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi wako wanaokuuzia ukuta kabla hawajautafuta ufa. Mwambie akuonyeshe ufa kwanza.

Jana dada yangu alinipigia. Hakujua lolote kuhusu taa wala moshi. Alitaka tu kuniambia kuwa pesa za mwezi huu zimefika, na kwamba dawa amezinunua.